Dau la tangazo lisiguswe kila asubuhi

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya ukurasa wa biashara, ile iliyowashauri wenye kampuni za utalii wafungue akaunti ya matangazo ya Google kila asubuhi na kurekebisha dau, imenifikia kupitia wateja wangu. Wameipiga picha, wakanirushia WhatsApp, na wanauliza kwa nini mimi sifanyi hivyo. Kazi yangu hapa Arusha ndiyo hiyo, kuendesha matangazo ya safari, kwa hiyo naomba nafasi niwajibu wote kwa pamoja. Itanipunguzia simu.

Kwa asiyejua: mtu akitafuta kitu Google, mnada hufanyika papo hapo. Dau ni kiasi cha juu ulicho tayari kulipa akibofya tangazo lako. Mara nyingi hutozwa chini ya hapo, na ubora wa tangazo na wa ukurasa wako nao huhesabiwa. Akibofya umelipa, anunue asinunue.

Sasa mtazameni mnunuzi wetu. Mjerumani anayetaka kuona nyumbu wakivuka mto Mara mwezi Agosti anaweza kuanza kutafuta Januari. Anabofya leo, wiki ijayo anaomba bei, anajadiliana na mkewe, anasoma wageni wengine walisema nini, na malipo ya awali anayatuma Machi. Kama taarifa zako zimeunganishwa vizuri, Google huliandika oda hilo kwenye tarehe aliyobofya, si tarehe aliyolipa. Ndiyo maana ripoti ya jana karibu kila mara huonekana mbaya kuliko ya miezi miwili iliyopita, ingawa matangazo ni yale yale. Bosi akiiona tu, simu: "Dada, jana dola zimeteketea na hakuna hata mgeni mmoja, shusha!" Wageni wa jana bado wanajadiliana na wake zao, bosi.

Kuna na bahati. Tuseme kwa wastani katika mibofyo 100 hupatikana mnunuzi 1. Mibofyo 40 ikipita kavu watu wanatangaza msiba, kumbe kwa hesabu hiyo ukavu wa namna hiyo hutokea kama mara mbili katika tatu. Hata 100 kupita mitupu hutokea zaidi ya mara moja katika tatu. Neno la kutafutia tuliloliwekea dau, likiwa na mibofyo 40 tu, mimi dau lake siligusi. Nasoma kwanza watu waliandika nini hasa. Nikikuta ni vijana wanaotafuta ajira ya udereva wa watalii, nayazuia maneno hayo. Kushusha dau hapo hakutibu kitu.

Nagusa pale hesabu yenyewe inapobadilika. Faida ya kundi moja ikiwa dola 300, kwa wastani ule ule mbofyo una thamani ya dola 3, na tukilipa zaidi ya hapo tunaifanyia kazi Google. Kambi ikipandisha bei, faida ikabaki dola 200, dau linashuka siku hiyo hiyo, sisubiri ripoti. Magari ya Agosti yakishajaa, vivyo hivyo.

Halafu kuna wanaoagiza matangazo yazimwe usiku, eti kubana matumizi. New York ikiwa saa tatu usiku wakati wa kiangazi chao, mtu yuko kwenye kochi na simu mkononi, Arusha ni saa kumi alfajiri. Mnamzimia nani?

Na aliyeiachia Google ipange dau yenyewe ndiye asiyepaswa kabisa kushikashika. Mfumo ule hujifunza kutokana na wanaonunua. Ukibadilisha malengo kila kukicha, hautulii.

Mwandishi wenu akirudi na sehemu ya pili, naomba aeleze mpangilio mmoja alioruka. Usipoubadilisha, Google humfuatilia aliyebofya kwa siku 30 tu, ingawa unaweza kuongeza hadi 90. Kampuni ya safari iliyobaki na 30 haiwaoni wanunuzi wanaochelewa, kisha inashusha dau la maneno yale yale yaliyowaleta.

Mwendesha matangazo,
Njiro, Arusha