Barua kwa Neema, kuhusu kifua cha mtoto

Morogoro

Mwanangu Neema,

Jana kwenye simu ulikuwa unalia, sikuweza kukueleza vizuri. Mama mkwe wako anasema mtoto amebanwa kifua kwa sababu ulimwogesha jioni. Maneno hayo nayajua. Mwaka 2001 alisemwa mama yako, waliosema ni dada zangu, na mimi nikakaa kimya.

Wewe ulizaliwa njiti, wiki nane kabla ya siku zako. Ulipofika miezi minne, kaka yako Baraka alirudi na mafua kutoka kwa wenzake. Yeye alipiga chafya siku mbili, huku anacheza chandimu. Kwako mafua yaleyale yalishuka kifuani. Siku ya tatu ulikataa ziwa, pua zinatanuka, na kila ukivuta pumzi ngozi ya chini ya mbavu inaingia ndani. Muuguzi akanipa saa yake, akasema, "Hesabu." Nikapata 68 kwa dakika moja. Kwa mtoto wa umri ule, kuanzia 50 ni haraka mno.

Mbona kirusi ni kimoja, huyu anacheza na huyu anawekewa oksijeni? Daktari alinifundisha kwa mrija wa juisi. Ukipungua upana ukabaki nusu, ugumu wa kupitisha hewa hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara 16. Vijia vya mapafu ya mtoto mchanga ni vyembamba tangu mwanzo. Vikivimba kidogo, kamasi likaingia, vimeziba. Vya Baraka vilivimba vikabakiwa na nafasi. Halafu kinga anayopewa mtoto tumboni huvuka kwa wingi wiki za mwisho za mimba, na wewe wiki hizo hukuzipata. Baraka alikuwa na miaka minne, mwili wake ulishapigana na mafua mengi.

La tatu daktari hakulijua, maana sikumwambia. Nilikuwa navuta sigara chumbani. Njia ya hewa ina vinyweleo vidogo mno vinavyofagia kamasi na uchafu, na moshi huvilemaza. Dada zangu wakimsema mama yako kwa beseni la maji, pakiti iko mfukoni mwangu. Sigara niliacha mwaka uleule. Kumwomba mama yako radhi kulinichukua miaka sita.

Najua baridi ya Njombe, mwezi huu mnaingiza jiko la mkaa ndani mpate joto. Litoeni, mvae masweta. Maji ya uvuguvugu hayana kosa, mwogeshe. Angalia na kadi ya kliniki kama chanjo ya nimonia amepata zote tatu. Wakati wako haikuwepo, ilianza kutolewa nchini 2013. Haizuii mafua yenyewe, inazuia bakteria wabaya wanaopenda kufuata nyuma yake.

Usiku huu, akiwa ametulia, mfunue kifua uhesabu dakika nzima kwa saa ya simu. Ikifika 50, au mbavu zikiingia ndani, au akigoma kunyonya, usingoje kukuche, mpeleke hospitali.

Mama mkwe wako niachie mimi. Nakuja Jumamosi na basi la asubuhi, nitakaa naye, na nitaanza na habari ya sigara.

Baba yako