Mnawakaririsha vipindi vya fasihi ya Marekani, kusoma watasoma lini?

Mhariri, naomba kanafasi kwenye gazeti lako niseme hili maana UE, mitihani ya mwisho wa muhula chuoni, zimekaribia na hapa nyumbani Tabata sebule imegeuka darasa, binti yangu yupo chuo mwaka wa kwanza anasomea ualimu, somo lake Kiingereza, na wenzake wanakuja jioni kufanya disikasheni ya fasihi ya Marekani. Msuli wanapiga, hilo siwanyimi. Ila mi nimestaafu kufundisha somo hilohilo sekondari na ninachokisikia kutoka jikoni kinanikera.

Wana desa moja, yaani notsi za kukariri, la kurasa nne wamelitoa kopi steshenari, jedwali mwanzo mwisho. Kushoto jina la kipindi, katikati miaka, kulia sifa tano tano. Wapuritani, zama za Urazini, Uromantiki, Uhalisia, Unaturalisti, Usasa, basi imeisha. Mmoja anauliza "Uromantiki?" wengine wanaitikia kwa pamoja: hisia, maumbile, ubunifu, mtu binafsi. Safi. Nikawauliza mmesoma shairi gani la kipindi hicho, kimya, halafu mmoja akanijibu kwa upole kabisa, "mama, hiyo huwa haitokagi kwenye mtihani."

Sasa hebu chukua mwaka 1845 peke yake. Mwezi wa kwanza Edgar Allan Poe alitoa lile shairi lake la kunguru, beti 18 tu, jamaa kafiwa na mpenzi wake Lenore, usiku wa manane kunguru kaingia dirishani na kila anachoulizwa anajibu "Nevermore". (Siyo hawa kunguru wetu wa Dar wezi wa chapati, yule ni mkubwa zaidi.) Mwanzo anamuuliza jina lake nani, kama utani vile, na jamaa mwenyewe kishahisi kwamba ndege hajui neno lingine zaidi ya hilo, lakini bado anaendelea kuuliza, mpaka anafika kuuliza kama atamkumbatia Lenore huko peponi, na jibu ni lilelile ila sasa linachoma. Hiyo ndo takriri jamani, neno halijabadilika, kilichobadilika ni swali, na mtu anajichoma mwenyewe makusudi. Kwenye desa takriri ni "kurudiarudia neno ili kusisitiza". Kusisitiza nini?

Mwaka huohuo, mwezi wa tano, Frederick Douglass aliyetoroka utumwani Maryland akachapisha habari za maisha yake, akawataja mabwana zake kwa majina, na ikabidi avuke bahari kwenda Ireland na Uingereza asije akakamatwa akarudishwa. Ukifuata miaka ya jedwali hawa wawili wapo chumba kimoja, wote Uromantiki, wakati mmoja anaongea na ndege na mwingine anaeleza alivyochapwa viboko. Hapo pangekuwa na mjadala mtamu kweli, kwa nini nchi moja mwaka mmoja inatoa vitu viwili hivi, ila mjadala haupo kwa sababu Douglass kwenye desa hayumo kabisa. Wala Phillis Wheatley hayumo, mtoto wa Afrika Magharibi aliyeuzwa Boston 1761 na kitabu chake cha mashairi kikachapwa London 1773, zama za Urazini wameachiwa waandishi Franklin na Paine wajigawie.

Kinaya nacho hivyohivyo, wanacho kichwani kama "kusema kinyume cha unachomaanisha". Haya, kwenye riwaya ya Mark Twain yule mtoto Huck anaandika barua kumchongea Jim, mtumwa aliyetoroka naye, kwa mwenye mtumwa, maana amefundishwa kwamba kumficha mtumwa wa mtu ni dhambi, kisha anaikumbuka safari yao mtoni, Jim alivyokuwa anamkalia zamu ili yeye alale, anaichana barua na kukubali kwenda motoni. Hajasema kinyume cha chochote! Mtoto anaamini kabisa anafanya ubaya, sisi wasomaji ndo tunaona kafanya wema. Fasili ya desa hapo haikufikishi popote.

Sisemi miaka itupwe. Bila vita yao ya wenyewe kwa wenyewe ya 1861 hadi 1865 huo Uhalisia hauuelewi umetokea wapi. Na Whitman alipotoa mashairi yasiyo na vina 1855 kwa hela yake mwenyewe, vijana wetu wanaweza kumshika haraka tu, si wamesoma ugomvi wa mashairi yasiyo na vina ya Kichomi, diwani ya Kezilahabi ya 1974?

Hizo kazi za Wamarekani nilizotaja hazina tena hakimiliki, zipo bure intaneti, na beti 18 hazimalizi bando la mtu. Ombi langu ni kwa watunga mitihani wa vyuo, badala ya "taja sifa tano za Uromantiki" wekeni beti mbili ambazo mwanafunzi hajawahi kuziona aseme mshairi kafanya nini pale na kafanyaje. Mwaka wa kwanza wa utaratibu huo wengi watakula sapu, yaani watarudia mtihani, najua, na binti yangu anaweza kuwemo, wekeni tu.

Mwalimu mstaafu,
Tabata, Dar es Salaam