Barua ya wazi kwa vijana wetu walio katika jeshi la Marekani, na wachumba wao waliobaki Kenya

Wanangu,

Wengi wenu mliingia jeshini mkiwa na kadi ya kijani tu (kibali cha ukaazi wa kudumu), na mchumba mkamwacha Mombasa, Kisumu au Eldoret. Nawaandikia kuhusu utaratibu, maana ndoa nyingi za kweli hukwamia hapo: watu huoana kwanza, karatasi hutafutwa baadaye, na amri ya uhamisho ikawakuta katikati ya safari.

Kabla ya kugusa fomu yoyote ya mwenzi wako, tazama hadhi yako mwenyewe. Mwenzi wa raia hapangi foleni ya nambari ya viza. Mwenzi wa mwenye kadi ya kijani huwekwa katika kundi la F2A, lenye idadi maalumu ya viza kila mwaka. Mwanajeshi huomba uraia kwa fomu N-400 bila kulipa ada, pamoja na N-426 ambayo jeshi huthibitisha kwayo utumishi wake mwema. Ikiwa ulishapeleka I-130, yaani ombi la kumleta mwenzi, ukiwa na kadi, usianze upya. Ukiapishwa, peleka nakala ya cheti cha uraia na ombi litapandishwa daraja. Ila kama mkeo ana mtoto, jihadhari. Katika F2A mtoto husafiri kwa ombi la mama yake, lakini ukishakuwa raia kila mtoto anahitaji I-130 yake peke yake. Mtoto wa kambo naye ni lazima awe chini ya miaka 18 siku ya ndoa yenu.

Je, viza ya mchumba au ya mke? Kwa mwanajeshi, nashauri mke. Mchumba anayeingia kwa K-1, viza ya mchumba, hupewa siku 90 za kufunga ndoa, kisha hulipa tena dola 1,440 za fomu I-485 ya kuomba kadi ya kijani, na hatakiwi kutoka nchini bila kibali mpaka shauri lake liishe. Amri ya kwenda Ujerumani ikija kipindi hicho, wewe unaondoka na yeye anabaki. Tena mchumba hahesabiwi kuwa tegemezi: haingii DEERS (daftari la jeshi la familia za wanajeshi), hapati bima ya Tricare, wala posho yako ya nyumba haipandi. Mke huandikishwa DEERS hata kabla ya kupata viza. I-130 ni dola 675 kwa karatasi au 625 mtandaoni, kwa viwango vya Aprili 2024, kisha 325 za viza na 120 za hati ya udhamini. Thibitisheni viwango siku ya kulipa. Thibitisheni pia amri za Marekani zinazozuia raia wa nchi fulani, hasa ikiwa mwenzi ana pasipoti ya nchi nyingine ya Afrika Mashariki. Burundi, kwa mfano, iliguswa Juni 2025.

Sasa ndoa yenyewe. Kwa Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014, ndoa ya kiserikali hutanguliwa na notisi ya siku zisizopungua 21. Mwanajeshi huweka akiba ya siku mbili na nusu za likizo kwa mwezi, kwa hiyo anayekuja na wiki mbili mkononi atakuta siku zimemwishia mbele ya msajili. Mulizeni msajili mapema jinsi ya kupeleka notisi kabla hamjakata tiketi. Mahari na ngoma peke yake hazitoshi ubalozini. Ndoa ya kimila nayo isajiliwe mpate cheti.

Ndugu wa pwani, hapa tukae kidogo. Bwana harusi yuko kambini Texas, wakili wake anapokea akdi, yaani mkataba wa nikaha, kwa niaba yake msikitini Mombasa. Kidini nikaha imetimia. Sheria ya uhamiaji ya Marekani haiitambui mpaka wenzi wawe wamekutana kimwili baada ya akdi. Kukutana kabla yake hakuhesabiwi, hata kama mmeshakuwa pamoja miaka. Ndivyo ilivyo pia kwa ndoa za wakala za jimbo la Montana na zile za video. Kinachowapotosha wengi ni kwamba jeshi huweza kuipokea ndoa hiyo na kulipa posho, nao wakadhani uhamiaji utafuata. Kutaneni kwanza, hifadhini mihuri ya pasipoti, tiketi, risiti za hoteli na picha, ndipo mpeleke I-130. Aliyeachika kabla aambatanishe cheti cha talaka kilichosajiliwa. Mke wa pili, wakati wa kwanza yungali katika ndoa, hatapata viza ya mke.

Kwa fedha mna nafuu ambayo wengi hawaijui. Mdhamini wa kawaida huonyesha kipato cha asilimia 125 ya kiwango cha umaskini, bali mwanajeshi wa kudumu anayemleta mwenzi au mtoto wake huonyesha asilimia 100 tu: dola 21,150 kwa watu wawili mwaka 2025. Posho za nyumba na chakula zinahesabiwa, kwa hiyo ambatanisheni LES, hati yenu ya mshahara wa jeshi. Askari wa akiba aliye kwenye mafunzo tu hana nafuu hii. Jaza na utie sahihi I-864, ile hati ya udhamini, kabla hujapelekwa nje, na mwachie mwenzi nakala. Amri ya kupelekwa ikitoka, omba shauri liharakishwe na uiambatanishe. Mwenye kibali cha usalama (cha kuona siri za serikali) aripoti uhusiano huo kwa wakubwa wake kabla ya harusi.

Mwenzi naye ana kazi yake. Cheti cha tabia njema cha DCI ni lazima, na aliyefanya kazi Qatar, Saudia au Dubai miezi 12 au zaidi baada ya kutimiza miaka 16 huombwa cha huko pia. Ni rahisi mno kukipata angali huko kuliko akisharudi. Uchunguzi wa afya hufanywa na daktari aliyeteuliwa na ubalozi pekee, na kifua kikuu kikionekana, matibabu hula miezi.

Viza ikitoka wiki chache kabla ndoa haijatimiza miaka miwili, na bado haijaisha muda, subirini miaka hiyo miwili itimie ndipo asafiri. Akiingia kabla, hupewa kadi ya miaka miwili na italazimu kupeleka I-751, ombi la kuondoa masharti ya kadi hiyo, ndani ya siku 90 za mwisho kabla haijaisha. Akiingia baada, kadi ni ya miaka kumi.

Ofisi ya sheria ya kambini hukagua karatasi bila malipo. Nendeni huko kabla ya kumlipa dalali. Na leo hii laza kitambulisho, pasipoti na cheti cha kuzaliwa cha mwenzi wako mezani, usome majina herufi kwa herufi. Yakitofautiana, rekebisheni kabla jina halijaandikwa kwenye cheti cha ndoa.

Mzee wenu