Barua ya wazi kwa afisa wa kumbukumbu za video: naomba utazame mkanda wa baba mpaka mwisho

Mheshimiwa, shikamoo.

Nimevumilia tangu mwaka jana, sasa imenishinda. Naandika hadharani maana ofisini kwako nimefika mara tano na mara zote naambiwa upo kikaoni. Jumatatu nimefungua maktaba yenu ya video za hotuba hapa Mwanza nikakuta ile ya uzinduzi wa barabara, dakika 4, ya droni, imepewa nyota ya kumbukumbu ya kipekee. Mkanda wa marehemu baba umeandikiwa neno moja tu, "hafifu".

Ile ya droni nimeitazama mara tatu. Ziwa linang'aa, mawe yanaonekana vizuri, watu wamevaa fulana mpya. Lakini mgeni rasmi akifungua mdomo tu mmemwekea muziki juu, husikii hata sentensi moja. Sasa nyota ya hotuba mmeipa kwa lipi, wakati hotuba yenyewe haimo?

Baba alikuwa mpiga video za harusi. Mwaka 1995, kampeni za uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo urudishwe 1992, alibeba kamera begani akaenda viwanja vya Furahisha akarekodi dakika 47 bila kukata. Ni kweli picha inacheza. Mkanda ulishaota ukungu mweupe, unyevu wa huku ziwani unaujua, nikaufuta kwa pamba na spiriti jioni tatu mfululizo, na deki ya kuuchezea nimezunguka Makoroboi mpaka miguu ikavimba. Lakini ungefika dakika ya 31 Mheshimiwa! Kuna mama kajitanda khanga, beseni la dagaa liko miguuni, anapaza sauti anamuuliza mgombea, ziwa tunaliona kila siku, mbona bombani maji hakuna? Umati kimya. Mgombea anashusha maiki, anamgeukia msaidizi wake, sekunde kama 10 hivi unasikia jenereta tu. Halafu anaahidi, kwa sauti yake mwenyewe, na watu waliokaa juu ya mawe wanaanza kupiga makofi mmoja mmoja, wengine hawapigi kabisa.

Hotuba ya siasa si msemaji peke yake, na wanaosikiliza nao wamo. Ukikata watu ukabakiza jukwaa, umebakiza tangazo. Hotuba ya Mwalimu ya Novemba 1978, alipotutangazia kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga Amin tunavyo, inasikilizwa mpaka leo na picha yake si ya kisasa hata kidogo, ila maneno yapo na ukumbi unausikia. Wamarekani nao, Maktaba ya Bunge lao huchagua rekodi 25 kila mwaka za kutunzwa kwa heshima ya pekee, na ni lazima rekodi iwe imetimiza angalau miaka 10. Wanasubiri kwanza waone kama kitu kina uzito. Nyie ile ya droni mmeipa nyota ndani ya wiki mbili.

Sijui mnaangalia idadi ya waliotazama, au cheo cha anayeongea, au labda mnaogopa ahadi ya zamani ikionekana kuna mtu ataulizwa. Nahisi hiyo ya mwisho, na kama nakosea unisahihishe, lakini unisahihishe kwa maandishi. Maana pale ukumbini mwaka jana ulisema mbele yetu sote kwamba kutakuwa na kamati, kila video itatazamwa yote, na ikikataliwa mwenyewe atapewa sababu. Nimeyaandika kwenye daftari maneno hayo. Kamati iko wapi? Sababu yangu iko wapi? Takwimu zenu wenyewe zinaonyesha video ya baba imefunguliwa mara moja, kwa dakika 2. Dakika 2 Mheshimiwa, hapo mshereheshaji bado anajaribu maiki!

Mama yangu ana miaka 74, kila siku ananiuliza kama wameshampa baba nyota, na mimi sina cha kumjibu.

Nilitaka kuomba mengi, vigezo viwekwe wazi, na ile ya droni ivuliwe nyota, lakini hayo tuyaache kwanza. Naomba uketi utazame dakika zote 47. Kama sauti kwenye kompyuta yenu haitoki vizuri nitakuletea deki na mkanda wenyewe, nauli ya bajaji nitajilipia, nipangie siku tu. Ukifika mwisho bado ukasema ni hafifu, niambie ana kwa ana. Lakini tazama kwanza, Mheshimiwa. Tazama kwanza.

Mtoto wa mpiga video, Mabatini, Mwanza.