Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Mafundi Simu, Tanga

Ndugu wanachama, assalamu aleikum, na poleni na kazi.

Hesabu mhazini atazisoma mwenyewe. Mimi naongeza tu kwamba michango ilitosha kununua hadubini ya pili. Iko Ngamiani kwa katibu. Mwenye bodi ngumu aende.

Kilichotuumiza mwaka huu ni ugomvi wa nanomita, kipimo kidogo mno ambacho viwanda hutumia kutaja njia zao za kutengeneza chipu. Mteja anaingia dukani keshaambiwa simu yake ina “chipu mbaya” eti kwa sababu ya nanomita zake, na sisi mafundi tukagawanyika. Mmoja wetu alifika hadi kumwongezea mama wa Makorora bei ya bodi ya spea kwa kuwa eti ina chipu nzuri. Jambo hilo liliniuma sana.

Nikachukua bodi mbili za iPhone 6s, simu ya mwaka 2015, nikabandua bati na kuziweka chini ya hadubini. Prosesa, yaani chipu kuu ya simu, moja imeandikwa APL0898, nyingine APL1022. Ya kwanza imetengenezwa na Samsung kwa njia ya nanomita 14, ya pili na TSMC ya Taiwan kwa nanomita 16. Mchoro ni wa Apple, kazi wakapewa mahasimu wawili. Apple wenyewe walisema tofauti ya kukaa na chaji ni asilimia 2 hadi 3 tu. Hiyo 14 na 16 ni majina ambayo kila kiwanda kinaipa njia yake, hayakupimwa kwa rula moja.

Na mahasimu hawa hushirikiana kuliko tunavyodhani. GlobalFoundries, kampuni ya chipu ya Marekani, ilichukua leseni ya njia hiyo ya Samsung mwaka 2014. Mwaka 2018 ikasimamisha kazi ya njia ya nanomita 7, gharama zilikuwa nzito mno. Mwaka 2012 Intel, TSMC na Samsung wote walinunua hisa za ASML ya Uholanzi, ili mashine zake mpya za kuchora chipu kwa mwanga zipatikane mapema. Ni kama manahodha wanaogombea abiria bandarini, ila majahazi yao yote yameundwa na fundi mmoja.

Kwa hiyo naomba: tusitoze mtu zaidi kwa jina la chipu, na kabla ya kununua bodi ya spea tusome namba na kuiandika kwenye risiti ya mteja.

Bodi zile mbili nimeziacha kwa katibu, kando ya hadubini. Nendeni mkazitazame.

Mwenyekiti