Wazazi, degu si wa kununua kwa sababu ya vidio

Mhariri,

Naomba nafasi niongee na wazazi wenzangu wa hapa Kisumu. Binti yangu ana miaka 10 na wiki tatu sasa hanipi amani, anataka degu, kale kanyama wanaona kwa simu, kama panya hivi lakini mkia una manyoya mwishoni kama brashi. Mimi nilikuwa karibu nikubali manake kuna mtu anauza mtandaoni akasema ataniletea mmoja mpaka Kondele.

Sasa akanitumia vidio. Amekashika mkia, kananing'inia juu ya beseni ya plastiki kanarusha miguu, na yeye anacheka, anasema eti hakasumbui, kape ndizi mbivu, biskuti, chochote. Mhariri, niliumia roho, kwa sababu nilikuwa nishaanza kusoma. Degu ukimvuta mkia ngozi inachomoka inabaki mkononi mwako, ndivyo anavyomponyoka adui kwao Chile, na ikitoka haimei tena. Hiyo beseni ataitafuna atoke, meno yake yanakua mpaka siku ya kufa, huyo ni wa tundu la waya. Na sukari ndiyo mbaya kabisa, mwili wake hauiwezi, anashikwa na kisukari na mtoto wa jicho anakuwa kipofu, kumbe chakula chake kikubwa ni nyasi, nyasi kavu kila siku.

Halafu ati mmoja! Hawa wanaishi kwa ukoo, wanaitana mchana kutwa, wanalala wamerundikana. Kwa hivyo ni wawili, na wawe wa jinsia moja la sivyo mimba ni kama miezi mitatu tu na nyumba imejaa. Wanaweza kuishi miaka 5 hata 8, yaani binti atakuwa yuko sekondari bweni na mimi ndiye nakata nyasi.

Kuna joto pia. Nyumba yetu ni mabati, haina silingi, saa nane mchana hata sisi tunatoka tukae chini ya mwembe. Mwaka jana sungura wetu alikufa hivyo, tulitoka kanisani tukampata amelala ubavu, masikio ya moto, kikopo cha maji kikavu. Mtoto alienda shule Jumatatu macho yamevimba, na kosa lilikuwa langu mimi mtu mzima. Degu naye joto kali haliwezi, sitarudia.

Nilimuuliza daktari wa mifugo anayetibu ng'ombe wa jirani, akaniambia wazi degu hajawahi kumshika hata siku moja, nikamshukuru kwa kusema ukweli. Yule muuzaji nilimuuliza kibali cha kumwingiza mnyama nchini kiko wapi, akasoma meseji akanyamaza mpaka leo.

Kwa hivyo nimekataa, na nimemweleza binti sababu zote tukiwa tumekaa pamoja tunaangalia ile vidio tena polepole, akaniuliza, "Mama, na huyo mkia wake uko sawa saa hii?" Sikuwa na jibu. Nyanyake kule Vihiga ana simbilisi jikoni, kuna ubaridi na nyasi tele, tumekubaliana wabaki huko huko na likizo ya Agosti yeye ndiye atawakatia nyasi.

Mama wa watoto watatu,
Kondele, Kisumu