Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Kazi za Wanafunzi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Ndaki, walezi wetu, wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa. Tunakushukuru kwa kuacha majukumu yako mazito ukaja kwetu, tena kwa wakati.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, klabu ilianza kwa kuokota taka ufukweni. Leo, bila kujisifu, inathubutu kupima kemikali zinazovuruga homoni katika maji ya Mto Msimbazi, hapa Dar es Salaam, na ina cheti cha ushiriki.

Kemikali hizi huwezi kuziona wala kuzinusa. Zimo kwenye plastiki, sabuni za viwandani na masalia ya vidonge vya uzazi wa mpango. Uingereza, samaki dume kwenye mito inayopokea majitaka yaliyokwisha kusafishwa walikutwa na mayai ndani ya korodani. Sisi tunatumia chachu iliyopandikizwa jeni ya binadamu ya kipokezi cha estrojeni, yaani kinachonasa homoni hiyo ya kike, mbinu iliyochapishwa na watafiti Routledge na Sumpter mwaka 1996. Chachu ikikutana na kemikali inayojifanya estrojeni, hutoa kimeng'enya, na maji ya manjano kwenye vishimo vya kisahani hugeuka mekundu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, chachu hiyo hutaka nyuzi joto 32 kwa siku 3 mfululizo. Umeme wetu hauna subira hiyo. Muhula uliopita vishimo vya kulinganishia vilikuwa vimeanza kuiva wekundu, umeme ukakatika usiku. Asubuhi inkubeta, kabati la kutunzia joto la chachu, ilikuwa baridi, friza inachuruzika maji, na mbegu ya chachu imeharibika.

Mwaka juzi mgeni rasmi wetu, kwa upendo mkubwa, alituahidi jenereta akiwa jukwaani hapa hapa. Tulishangilia sana. Tukachangishana, tukajenga na kibanda chake. Kibanda kipo imara, kinatunza viti vibovu. Aliyemfuatia mwaka jana aliagiza ahadi ile ifuatiliwe, nasi tunaamini bado inafuatiliwa.

Kwa heshima na taadhima, tunaomba jenereta ya KVA 10 inayojiwasha yenyewe, kwa sababu usiku maabara haina mtu. Fulana na usafiri, tulivyoviorodhesha ukurasa wa nyuma, vinaweza kusubiri. Ankara kifani imeambatishwa, na fundi umeme wa Ndaki ameketi safu ya tatu, tayari kujibu swali lolote kabla hujaondoka.

Tunaomba kuwasilisha.